Huo wimbo 'mpya' wa Daft Punk uliotumiwa si wao

Hebu chukua simu yako sasa hivi. Fungua pale unapoweka muziki, kisha andika 'Daft Punk' uone kitakachojitokeza. Ukipata wimbo ulioandikwa 'haujatoka', 'demo ya 1999', 'siri' ama 'mpya 2025', tulia kidogo tuongee.

Nasema hivi kwa sababu majuzi katika kundi letu la WhatsApp, lile la wapenzi wa muziki wa elektroniki, msee mmoja alirusha faili ya dakika nne hivi na maneno mawili tu: 'WAMERUDI, WASEE!' Manze, kundi liliwaka. Mioyo, mioto, watu wakilia kwa furaha saa tano usiku. Nikavaa spika za masikio nikasikiza. Si uongo, ngoma ilikuwa kali. Besi nzito, sauti ya roboti ikiimba kitu kuhusu usiku usioisha, gitaa likikatwakatwa vile tulivyozoea. Ungeicheza kwenye sherehe yoyote Nairobi na watu wangeinuka.

Kuna shida moja tu. Daft Punk walitangaza kuvunjika mnamo Februari 22, 2021. Hawajatangaza kurudi. Nilipouliza kwa upole faili hiyo imetoka wapi, nilijibiwa kwamba nina roho mbaya na sijui kufurahia vitu. Mwingine akaniambia, 'Wewe sikiza tu, kwani lazima ujue kila kitu?'

Swali hilo ndilo limenileta hapa. Jibu langu ni ndiyo, hili ni lazima ulijue, na kufikia mwisho natumaini utaelewa ni kwa nini linaniuma.

Kama uliwafahamu kupitia kwa wengine, usione haya, wengi wetu tulianzia hapo. Ulisikia 'Stronger' ya Kanye West ya mwaka wa 2007 bila kujua kwamba ule mlio wa roboti umetolewa kwenye wimbo wa Daft Punk wa 2001. Ama ulicheza 'Starboy' ya The Weeknd mwaka wa 2016, nao wamo humo ndani. Ni Wafaransa wawili, Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo, waliotoa albamu nne pekee za studio: Homework 1997, Discovery 2001, Human After All 2005 na Random Access Memories 2013. Hesabu mwenyewe. Kutoka ya tatu hadi ya nne ni miaka minane, na katikati kulikuwa na muziki wa filamu ya Tron mwaka wa 2010, rekodi ya shoo zao za moja kwa moja, na kimya kirefu sana.

Kimya hicho ndicho shamba ambamo nyimbo bandia humea. Shabiki mwenye njaa hachagui. Ukikaa miaka sita bila kusikia neno lolote kutoka kwa watu unaowapenda, kisha mtu akufungulie sufuria na kusema 'chakula hiki hapa', hutauliza kimepikwa na nani. Utakula.

Lakini njaa peke yake haitoshi. Wasanii wengi hunyamaza na hawaigwi hivi. Hawa walikuwa na mambo mengine mawili yaliyorahisishia kazi wadanganyifu, na yote waliyachagua wenyewe. La kwanza ni uso. Tangu enzi za Discovery walivaa kofia za roboti hadharani, na hadithi waliyoitunga ni kwamba mashine yao ya kunakili sauti ililipuka Septemba 9, 1999, nao walipoamka wakajikuta wamekuwa roboti. Hadithi tamu sana. Ila fikiria maana yake kwa shabiki: hujui sura, husikii mahojiano, huoni picha za studio wala video za nyumbani wakila wali. Msanii wa kawaida akiibiwa jina atatokea mtandaoni dakika kumi baadaye kusema 'huyo si mimi'. Roboti hawasemi.

La pili ni sauti. Ile sauti yao ya mashine haina alama za vidole. Wewe ukiimba, mamako atakutambua hata ukiwa na mafua. Ukiimba kupitia programu ya kugeuza sauti, wewe, mimi na yule kijana wa kuuza vocha tunatoka sawasawa. Programu hizo siku hizi ni za bure. Weka mdundo wa kati ya 120 na 125 kwa dakika, nyofoa kipande cha disko la miaka ya 70, kirudierudie, pitisha sauti yako kwenye kichujio, na tayari umeoka mkate unaonukia Daft Punk. Mtindo wao wenyewe ulikuwa wa kuchukua vipande vya watu, kwa hivyo hata ukisikia kipande cha mtu mwingine humo hushtuki. Unasema, 'ndivyo wanavyofanya'.

Mambo haya hayakuanza jana. Napster ilipoingia mwaka wa 1999, kisha LimeWire mwaka uliofuata, wimbo uligeuka kuwa faili, na faili inabeba jina lolote utakalolibandika. Hakukuwa na mlinzi mlangoni. Mtu alikuwa na wimbo asioujua mwenyewe, akaona unafanana na wa fulani, akaandika jina la fulani, basi. Wengine walifanya makusudi ili faili yao ipakuliwe na wengi. Na hata kampuni zenyewe zilishiriki mchezo huo. Mwaka wa 2003 kabla albamu ya Madonna ya American Life kutoka, faili bandia za nyimbo zake zilimwagwa mtandaoni, na ukizifungua unamsikia yeye mwenyewe akikukaripia kwa matusi. Nacheka kila nikikumbuka. Lakini ona: hata mwenye mali alijua kwamba jina la faili ni uongo unaoaminika.

Kwa Daft Punk, kilele kilikuwa mwaka wa 2013. Kabla ya 'Get Lucky' kutoka Aprili 19, walikuwa wameonjesha dunia sekunde chache tu za wimbo huo kwenye tangazo la televisheni ya Marekani. Sekunde chache! Mashabiki wakazichukua, wakazikatakata, wakaziunganisha mwanzo na mwisho mpaka zikawa wimbo mzima, kisha wakazirusha kama 'umevuja'. Watu walizikesha. Sitawalaumu waliotengeneza, wengine walisema wazi kwamba ni kazi ya mikono yao, na ni kazi ya mapenzi. Tatizo ni faili ikishafika mkono wa tatu. Maelezo huachwa nyuma, jina pekee ndilo husafiri.

Sasa kuna kitu kinachochanganya zaidi, na sharti niwe mkweli kukihusu. Wakati mwingine kinachofanana na uongo ni kweli. Mwaka wa 2023, Random Access Memories ilipofikisha miaka 10, walitoa toleo jipya lenye nyimbo za ziada, ukiwemo wimbo ambao haukuwa umewahi kutoka, 'Infinity Repeating', na kwenye jina lake kabisa wakaandika kuwa ni demo ya 2013. Miezi michache baadaye wakatoa albamu hiyo hiyo ikiwa imeondolewa ngoma zote. Naam, albamu ya muziki wa kucheza bila ngoma. Kama msee angenitumia kitu hicho kwenye WhatsApp ningemwambia apeleke uongo wake mbali. Na ilikuwa halisi, imetoka rasmi, ina mihuri yote.

Kwa hivyo sikio peke yake halitoshi. Wale wanaojipiga kifua ati 'mimi ni shabiki sugu, nikisikia tu najua', samahani, hamjui. Human After All ilipovuja mwaka wa 2005 kabla ya wakati wake, kuna mashabiki waliokataa kwamba ni yenyewe. Waliona ni kavu, inajirudia mno, haijakamilika. Ilikuwa yenyewe. Sikio la shabiki husikia kile linachotaka kusikia.

Bandia zile za makusudi, kwangu mimi, si mbaya kuliko zote. Bandia hufa. Mtu akibainika anachekwa, wimbo unasahaulika. Kinachodumu miaka na miaka ni wimbo halisi, mzuri, wa mtu halisi, unaotembea na jina lisilo lake. Huo haufi kwa sababu hauna kasoro ya kuufichua.

Chukua 'Music Sounds Better With You'. Ukitaka kujua kama uko kwenye sherehe ya watu wa rika fulani, piga huo wimbo. Nimeuona kwenye flashi, kwenye CD za kuchoma, kwenye orodha za nyimbo za kila aina ukiwa umeandikwa 'Daft Punk'. Si wao. Ni wa kundi lililoitwa Stardust, ulitoka mwaka wa 1998, na kundi hilo lilikuwa na watu watatu: Thomas Bangalter, Alan Braxe na Benjamin Diamond. Bangalter ndiye nusu ya Daft Punk na wimbo ulitoka chini ya lebo yake ya Roulé, kwa hivyo utasikia watu wakisema, 'si ni kitu kimoja tu?'

Si kitu kimoja. Sauti inayoimba hapo ni ya Benjamin Diamond. Braxe alikuwa mezani wakati kinapikwa. Ukiandika 'Daft Punk' umewafuta wawili hao kwa kidole kimoja, halafu umempa sifa de Homem-Christo ambaye hata hakuwemo. Uongo ulio nusu kweli ndio mgumu kung'oa. Ukimsahihisha mtu anakuona unaleta ujuaji, kwa sababu kwa kweli hayuko mbali. Na Diamond abaki akiusikia wimbo wake kila mahali ukiitwa wa mtu mwingine.

Nikiri la kwangu sasa. Nikiwa ndio nimemaliza kidato cha nne, nilikuwa na flashi ya GB 4. Kulikuwa na duka moja la muziki jijini ambapo ulilipa na kijana wa kompyuta akakujazia folda nzima. Nilimwambia nataka Daft Punk. Akanijazia nyimbo 40 na kitu. Arubaini na kitu! Sikuuliza. Nilikuwa tajiri.

Katika hizo kulikuwa na mmoja uliokuwa umeandikwa jina la Daft Punk na neno 'track' na namba. Hauna maneno. Unaanza na kinanda kinachosikika kana kwamba kinapigwa chumba cha pili, halafu ngoma zinaingia polepole, na mahali fulani katikati mtu anavuta pumzi. Anavuta pumzi tu, nafikiri hakukusudia, kipaza sauti kilimnasa. Huo wimbo ulinibeba mwaka mzima nilioukaa nyumbani nikingoja barua ya chuo. Niliusikiza kwenye matatu, nikiosha vyombo, usiku stima zikipotea. Nilimwambia kila mtu kwamba huo ndio wimbo bora zaidi wa Daft Punk na kwamba ati wazungu wameubania. Niliuchoma kwenye CD nikawapa watu. Nadhani niliusambaza kwa watu 30, wote wakiwa na jina lile.

Miaka mingi baadaye nilipopata intaneti ya maana nilianza kuutafuta. Haumo kwenye albamu zao. Haumo kwenye kazi za Bangalter peke yake, wala kwenye zile za lebo ya Crydamoure ya mwenzake. Nimeuchezea programu za kutambua nyimbo, zinazunguka weee kisha zinasema hazijapata kitu. Si wao. Kuna mtu mahali fulani duniani aliyeketi kwenye kile kinanda, akavuta pumzi ile, akatengeneza kitu kilichomwokoa kijana wa Nairobi asiyemjua, na mimi kwa mkono wangu nikasaidia kumzika. Kila nakala niliyotoa ilikuwa koleo la udongo.

Unaona sasa kwa nini 'wewe sikiza tu' hainiingii?

Huenda unasema hayo ni ya Ulaya na ya zamani. Njoo basi karibu. Nina rafiki anayetengeneza midundo katika chumba kimoja mtaa wa Umoja, godoro likiwa limesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Kuna ngoma moja aliifanyia kazi wiki tatu. Akawatumia marafiki wachache wamwambie ukweli. Mmoja akaipeleka kwa mwingine, mwingine akaipeleka kwa DJ wa matatu, na mahali fulani njiani mtu akaona jina la rafiki yangu halitambuliki, akabandika la prodyusa mkubwa. Rafiki yangu aliipata ngoma yake ndani ya gari la kwenda Buruburu, spika zikipasuka, watu wakitikisa vichwa. Akamwambia makanga, 'Kaka, hii ni yangu.' Makanga akacheka mpaka akashika mlango kwa mikono miwili. Abiria nao wakacheka.

Aliposhuka alilipa nauli kamili. Hilo ndilo analolikumbuka zaidi, sijui kwa nini.

Alipoiweka rasmi mtandaoni kwa jina lake, maoni ya kwanza yalimwambia aache kuiba kazi za watu. Fikiria hilo. Mwizi akawa ni yeye. Katika biashara ya muziki wa leo pesa hufuata jina: hesabu ya wasikilizaji, mwaliko wa shoo, simu ya mtu wa matangazo, vyote huenda pale jina lilipoandikwa. Daft Punk hawapungukiwi na kitu wewe ukiwaongezea wimbo ambao si wao. Wana Grammy zao. Anayepungukiwa ni yule mwenye wimbo mmoja tu.

Mtu mwerevu atanirudi hapa aseme, 'Lakini hao Daft Punk wako nao walijengwa kwa vipande vya watu.' Kweli kabisa, na sitakwepa. 'One More Time', wimbo ulioitikisa dunia mwaka wa 2000, ndani yake kuna kipande cha 'More Spell on You' ya 1979, na aliyeimba huo ni Eddie Johns, mzaliwa wa Liberia. Mwafrika mwenzetu. Mwaka wa 2021 gazeti la Los Angeles Times lilimtafuta na kumpata Los Angeles, akiwa amepitia maisha magumu, hata kukosa mahali pa kulala. Alisema hakuwa amepata senti ya wimbo ule. Upande wa Daft Punk ulieleza kwamba malipo hutolewa kwa kampuni inayomiliki haki za rekodi hiyo. Huenda kisheria mambo yote yalikuwa shwari. Lakini kwa miaka 20 sisi tuliucheza, tukaruka, na jina la Johns halikuwa midomoni mwetu.

Hilo halinifanyi niwachukie Daft Punk. Nawapenda bado, na albamu ya Discovery nitaisikiza nikiwa na mvi. Linanifanya tu nione kwamba jina kubwa lina tabia ya kumeza, hata lenyewe lisipokusudia. Na sisi mashabiki ndio tunaolilisha.

Sisi hapa tunaujua mchezo huo tangu zamani. Uliza watu kumi 'Malaika' ni wa nani. Nje ya Afrika Mashariki wengi watakuambia ni wa Miriam Makeba, kwa kuwa ndiye aliyeupeleka duniani. Hapa kwetu tunamtaja Fadhili William aliyeurekodi miaka ya 60. Kaa na wazee kidogo utasikia wakishikilia kwamba ulitungwa na Adam Salim miaka ya 40. Ubishi huo haujaisha na wahusika wengi wameshatuacha. Hiyo ni rekodi iliyosafiri kwa sahani za santuri, polepole, kwa meli na ndege. Yako inasafiri kwa kidole gumba.

Na sasa mashine zimejifunza kuimba. Aprili 2023 ulitoka wimbo 'Heart on My Sleeve' wenye sauti za Drake na The Weeknd, ila wao hawakuuimba. Sauti zilitengenezwa kwa akili bandia. Ulisikizwa na umati kabla haujaondolewa. Ikiwa sauti za binadamu tunaowajua hivyo zinaigika, utafanyaje na watu ambao sauti yao ilikuwa ya mashine tangu mwanzo? Wimbo ule wa kundi letu la WhatsApp nina hakika umepikwa hivyo, ama angalau nusu yake. Gitaa lile lilikuwa safi mno, kama meno ya tangazo la dawa ya mswaki.

Hata majina halali yanaweza kugongana. Nairobi imetupa KMRU, kijana wa muziki wa elektroniki anayeheshimika Ulaya. Jina lake halisi ni Joseph Kamaru. Babu yake naye ni Joseph Kamaru, yule yule gwiji wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki mwaka wa 2018. Mjukuu amekuwa akizitoa upya kazi za babu mtandaoni, na kila moja anaiweka mahali pake: hii ni ya guka, hii ni yangu. Angeweza kuacha zichanganyike, nani angemshtaki? Ameamua kutenganisha, na kwa kufanya hivyo watu wa Berlin wanamjua mzee ambaye pengine wangemkosa.

Binamu yangu aliyesoma madrasa Mombasa aliniambia kitu siku moja tukibishana kuhusu haya. Alisema wanazuoni wa hadithi hawakuuliza tu 'umesikia nini?' Waliuliza 'umesikia kwa nani, naye alisikia kwa nani?' mpaka wafike kwenye chanzo, na mmoja katikati akiwa hajulikani ama ni mtu wa uongo, mnyororo mzima unatiliwa shaka. Mimi si wa dini yake lakini nilinyamaza. Hicho ndicho kinachokosekana kwenye simu zetu. Tunauliza 'ni ngoma kali?' Hatuulizi 'umepewa na nani?'

Kuuliza hakuchukui hata dakika mbili. Daft Punk wana ukurasa wao rasmi na albamu zao zinajulikana zote. Wimbo ambao haupo huko na haupo kwenye orodha ya lebo yoyote waliyowahi kufanyia kazi, anza kwa kuudhania kuwa ni wa mtu mwingine. Mwulize aliyekutumia. Akisema 'nimeutoa mahali', mwulize mahali gani. Angalia tarehe, angalia jina la aliyeupakia kwanza, maana mara nyingi yule wa kwanza kabisa ndiye mwenyewe, na chini ya jina lake la ajabu ajabu kuna wafuasi 12 wanaomsubiri awe na 13. Ukimpata, badilisha jina kwenye simu yako kabla hujamtumia mwenzako. Na kama umekosa, andika hivyo hivyo kwamba hujui. Afadhali wimbo usio na jina kuliko wenye jina la kuazima, kwa sababu usio na jina bado unamwita mwenyewe.

Najua watakaoniambia kwamba siri ndiyo raha yenyewe. Kwamba kuwinda demo isiyojulikana saa nane usiku, kubishana kama pumzi fulani ni ya Bangalter ama si yake, hiyo ndiyo damu ya ushabiki, na mimi nataka kuleta karani wa mahakama kwenye sherehe. Nawaelewa. Nimewinda mimi mwenyewe hadi jogoo kuwika. Lakini mwindaji wa kweli anataka kujua amekamata nini. Anayemrukia kila mnyama na kumwita simba hawindi, anapiga kelele tu msituni.

Katika kundi letu mambo yaliishia hivi: nilitoa wazo kwamba tubadilishe maneno yale ya 'WAMERUDI' tuandike 'mtindo wa Daft Punk, mwenyewe anatafutwa'. Watu wawili walikubali. Mmoja alitoka kwenye kundi kwa hasira. Waliobaki walinyamaza, kisha mtu akatuma video ya mbuzi.

Ule wa kinanda ninao hadi leo. Umehama flashi tatu, laptopu moja iliyoibwa na simu nne. Mwaka uliopita nilifuta jina la Daft Punk nikaandika 'mwenye pumzi'. Ni dakika tano na sekunde 12, kinanda kiko mbali, ngoma zinaingia kabla kidogo ya dakika ya pili, na pumzi yenyewe utaisikia dakika ya tatu hivi, upande wa kushoto. Kama unaujua, ama kama ni wako, niandikie hapa chini.